Ushahidi wa Mwosha Maiti

Wagonjwa wa Sabra hawaponi, na Habiba hakuona haya kulisema. Sabra ni muuguzi anayezunguka visiwa vya Mbwera kwa mtumbwi, akiwatunza majumbani wagonjwa ambao madaktari wamewarudisha kwao wakafie huko. Sasa ndugu walitaka amtunze mama yake Habiba.

"Mnamsifu kwa lipi, na wagonjwa wake wote wako makaburini?" Habiba aliwafokea, akatoka kwenda kwa Bi Siwema, anayeosha maiti za wanawake kijijini. Mgongo uliooza kwa kutogeuzwa kitandani, yeye ndiye huuona.

"Shikamoo, bibi. Sabra anatunza kweli, au ni maneno matupu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwiko wa kazi yangu waujua: aibu ya maiti naizika na maiti. Sisemi hata uniue."

Habiba akainuka kwa hasira. Bi Siwema akamvuta kanga.

"Keti! Hasira zako moto wa makuti. Nisiyoisema ni aibu. Wale wa Sabra nawakuta ngozi nzima, kinywa safi, kucha zimekatwa, nywele zimechanwa. Kwao, mjukuu wangu, sijapata cha kuzika ila maiti yenyewe."