Siku Mama Alipokuja Kukagua Chuo Chetu

Mama yangu ni mkaguzi wa vyuo vya kigeni katika tume ya serikali, na ukitaka kumjua, mwalike chakula. Atafunua sufuria zote kabla hajakaa. Kazini ni vilevile. Rafu zilizojaa vitabu hazimbabaishi. Yeye humchagua mwanafunzi mmoja, akamuuliza swali moja, basi.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho katika tawi la chuo kikuu cha ng'ambo, ghorofani, juu ya duka la fanicha. Zamu yetu ya kukaguliwa ilipofika, Mama aliomba apelekwe mwingine, maana mwanawe yumo. Bosi wake akamjibu kwamba wakaguzi ni wawili tu, na mwenzake yuko likizo ya uzazi.

Asubuhi ya ukaguzi mkuu wa chuo alituamuru tupandishe viti, meza na makabati kutoka dukani. Nilibeba bila kunung'unika. Chuo kikifungwa, shahada yangu ingeota mbawa, nami nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho tu. Vitabu viliazimwa kwa muuza vitabu vya mitumba: vya mapishi na vya kulea mimba. Sisi tulisomea biashara.

Mama akaja, akakaa, akavaa miwani. Kabla hajasema neno, akaingia mwenye duka na mteja, wakaanza kupatana bei ya kiti alichokalia. Mama akainuka, akawapisha, hata mlango akawashikia. Mkuu wa chuo alitoka jasho mpaka tai ikalowa.

"Viti hununuliwa wakati wowote," Mama akamwambia kwa upole. Kisha akaninyooshea kalamu mimi. "Wewe binti. Tangu uingie hapa, umesoma kitabu gani?"

Wenzangu wakanikodolea macho. Uongo nilikuwa nao mdomoni, tayari kabisa. Lakini aliyeniuliza ndiye aliyenifundisha kusoma.

"Hakuna, Mama," nikasema.

Akaandika, akaaga, akaenda zake.

Chuo kikafungwa. Sasa niko chuo cha serikali, mwaka wa kwanza, naitwa bibi na watoto wa juzi. Nilimnunia Mama wiki nzima, naye akaendelea kunipikia kama vile haoni. Mwishowe nikashindwa, nikamuuliza angefanyaje kama ningemtajia kitabu chochote kile.

Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho.

"Ningekuamini, mwanangu," akasema. "Chuo kingepita."