Mkagua magunia aliyeomba kisu kisubiri

Saa moja asubuhi, lori la mahindi kutoka Kibakwe limeegeshwa mbele ya ghala moja la nafaka hapa Nzuguni, Dodoma, na Abubakari Swalehe analizunguka kwa mara ya pili. Dereva ameshamsalimia mara mbili. Salamu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili imejibiwa kwa swali: "Mbona turubai limefungwa upya?"

Mkononi ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho kikichomwa kwenye gunia hutoka na punje za ndani. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini. Anazimwaga punje kiganjani, anazinusa, kisha anaitia moja chini ya jino. Ikikatika kwa mlio, mahindi yamekauka. Ikibonyea, ana maneno na mwenye mzigo.

"Gunia hili limeshonwa vizuri mno," anamwambia dereva. "Watu hawashoni hivi bila sababu."

Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Ameshatoa mchanga katikati ya mtama, mawe ndani ya alizeti na, anaapa, sufuria zima ndani ya gunia la choroko. Msimu ukichangamka hukagua hadi magunia mia mbili kwa siku na kurudi nyumbani na shilingi elfu ishirini na tano. Matajiri wa nafaka wanamlipa kwa jambo moja tu, nalo ni kutomwamini mtu.

Hata mwandishi wa makala haya hakusalimika. Kabla ya kukubali mazungumzo, Abubakari aliomba kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwa shingo upande. "Haya. Na wewe nani kakutuma?"

Jambo lenyewe ni hili. Mzee huyu wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Kondoa, ana ngiri. Uvimbe ulianza kinenani miaka mitatu iliyopita, siku alipomsaidia mpagazi kujitwika gunia. Mwaka huu ukawa mkubwa, akaambiwa dawa yake ni upasuaji. Akapangiwa tarehe mwezi wa sita. Siku ilipofika alivaa gauni la hospitali, akapanda kitandani, kisha akashuka na kurudi nyumbani.

Mtaani wakasema Abubakari amekimbia kisu. Yeye anasema ameahirisha, na anataka neno hilo liandikwe bila makosa.

Ukweli ni kwamba shaka ilimwanza mapema. Alipangiwa tarehe ya wiki tatu tu mbele, akajiuliza haraka ya nini. Mkewe, Kuluthumu, alikuwa akipiga simu Kondoa kwa sauti ya chini. Akanunua shuka mbili mpya, zote nyeupe.

"Nyeupe!" Abubakari anasema, na hata sasa macho yanamtoka. "Maduka yote ya Dodoma yana shuka za maua. Mtu mgonjwa unamletea shuka nyeupe ili afikirie nini?"

Kuluthumu anacheka, ingawa si kicheko kirefu. Anasema nyeupe ndizo zinazofulika kwa dawa, na simu za Kondoa zilikuwa za kuagiza kuku wa kumtengenezea mgonjwa mchuzi. Alinong'ona kwa sababu mumewe alikuwa akisikiliza dirishani.

Usingizi ukakatika. Mchana anachoma magunia, usiku anayachoma maneno ya kila mtu. Kikohozi cha vumbi la ghalani, alichokizoea kama mpangaji wa siku nyingi, nacho kikazidi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo huenda mtu wa soko la nafaka pekee ndiye angelifanya. Alipohojiwa kliniki kabla ya upasuaji, muuguzi aliuliza kama anakohoa. Akasema hapana. Je, analala? Analala fofofo. Ana wasiwasi wowote? Hana.

"Sokoni mwenye mzigo hataji kasoro ya mzigo wake," anaeleza. "Ukitaja, unashushwa bei au unarudishwa na lori lako. Nikajibu kama muuzaji. Mimi, ninayewakamata wauzaji kila siku!"

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alileta fomu ya ridhaa. Abubakari akaishika kalamu, lakini jina halikuandikika. Kuluthumu, aliyekuwa amekaa pembeni, akanyoosha mkono akaichukua.

"Lete nikusainie, Baba Asma, tusiwacheleweshe watu."

Abubakari akamnyang'anya. Si kwa utani. Aliivuta kalamu kwa nguvu hata fomu ikachanika pembeni, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

Muuguzi hakubishana naye. Alimpima presha, ikasoma 182 kwa 108, akamwita Daktari Elieza. Daktari huyo, bado kijana, alivuta pazia, akaamkia, "Shikamoo mzee," kisha akarudia maswali yale yale ya kliniki, moja moja, bila haraka. Safari hii Abubakari akasema kweli. Anakohoa. Hajalala wiki tatu.

Maneno ya daktari anayakumbuka hivi: "Ngiri yako bado inarudi ndani ukilala, haijabana. Tuna nafasi ya kusubiri. Kikohozi hiki kinaweza kuharibu kidonda baada ya kushona, na kwa presha hii sipendi kukulaza kwa dawa ya usingizi. Halafu mtu asiyelala wiki tatu, nataka nijue kinachomsumbua. Tunaweza kujaribu kushusha presha leo tuone mchana, au tuahirishe uwe sawa, mwili na akili. Uamuzi ni wako, mzee."

Mwingine angeshukuru. Abubakari akashuku. Daktari gani anakubali upesi hivyo? Labda ameona jambo kubwa zaidi analificha. Akamuuliza mara tatu, kwa njia tatu, na mara zote tatu akajibiwa vilevile.

"Mwongo hubadilisha maneno kwenye mara ya pili," anasema. "Huyu hakubadilisha. Nikamwambia, basi tusogeze mbele."

Alipewa dawa za presha na kifua, pamoja na onyo: uvimbe ukikaza, ukiuma au akianza kutapika, asingoje tarehe wala ruhusa ya mtu, akimbilie hospitali. Akapewa pia miadi na mshauri wa afya ya akili, dada mmoja anayeitwa Violeth.

Kuluthumu anaikumbuka safari ya kurudi nyumbani kwa bajaji.

"Nilijua ananishuku mimi," anasema. "Ndoa ya miaka ishirini na sita, halafu mume anakupokonya kalamu mbele za watu kama vile unataka kumuuza. Niliumia sana."

Kwa Violeth, vikao viwili vya kwanza vilikuwa Abubakari akimhoji Violeth. Cha tatu akachoka. Akamtaja Abdulrahim.

Abdulrahim alikuwa mdogo wake. Miaka mitano iliyopita alipata ajali ya pikipiki mkoa mwingine, akafikishwa hospitali hajitambui. Ilihitajika ridhaa ya ndugu ili apasuliwe kichwa. Madaktari walisema wazi kwamba matumaini ni madogo, lakini bila upasuaji hakuna kabisa. Abubakari, kaka mkubwa, akatia saini. Abdulrahim hakuamka.

"Mama hakunilaumu," anasema, na sauti yake inashuka. "Ila kila aliyekuja kutoa pole, Mama alimwambia, 'Kaka yake ndiye aliyesaini.' Mpaka anafariki sikujua kama alikuwa ananisifu au ananishtaki. Nami sikuthubutu kumuuliza."

Anakohoa, anajifuta uso kwa kiganja.

"Mama Asma alipoishika ile kalamu, niliona watu wa msiba wamejaa uani kwetu. Nikamwona binti yangu anauliza nani alisaini. Sikumshuku mke wangu. Nilikuwa namwokoa, ila sikujua kulisema."

Ilimchukua wiki mbili nyingine kumweleza Kuluthumu. Mkewe alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini. Anasema hasira yote ilimtoka, ikabaki huruma, na neno lililomjia lilikuwa moja tu: "Ungesema."

Siku hizi Abubakari anafanya kazi amevaa barakoa, na wapagazi wanamtania kwamba sasa amefanana na jambazi. Kikohozi kimepungua. Presha wiki iliyopita ilisoma 136 kwa 84, akamtaka muuguzi apime tena kwa mashine nyingine. Analala. Tarehe mpya ni wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, na bado anamwona Violeth kila Alhamisi.

"Fomu nitaisaini mwenyewe," anasema. "Mkono ukigoma, tutasubiri tena. Lakini yeye hataishika kalamu ile."

Kuluthumu amesimama mlangoni, anamsikia.

"Mimi nitakuwa pale nje tu," anamwambia. "Ukiamka usinione, hapo nishuku."