Sura ya mama mwingine juu ya jina ya yaya

Bayaya na bandugu benye kusoma hii page, nalomba admin afiche jina yangu. Niko na miaka makumi mbili na ine, niko mama wa mutoto mumoja, anaanza kutembea. Tunaikala Lubumbashi, upande wa Kasungami. Masomo sikumaliza. Lakini kazi niko nayo: natumika ku studio moja kidogo, tunatengenezaka DVD za ndoa na za kilio. Miye njo ninakataka video, naiweka ku disque, na ninatia ba chapitre, ni kusema zile sura kidogo-kidogo zenye unaona ku mwanzo, kila moja na jina chini yake. Unafinya moja na télécommande, inakupeleka moja kwa moja fasi unataka.

Maneno yangu ni juu ya yaya. Namwita yaya, ni kusema dada mukubwa, juu iko bibi ya ndugu mukubwa wa bwana yangu. Saa niliingia mu hii famille na mimba, na mama yangu alishakufa, yeye njo alinipokea. Yaya hakuzaaka. Mutoto yangu alikuwa analala ku mugongo yake kila siku miye niko ku kazi.

Mwaka huu bwana ya yaya alikufa. Alitumikaka kule Kambove, ugonjwa ulimubeba mu siku kidogo tu. Shangazi ya babwana zetu akasema: "Tuko na muntu wetu wa video, tutafute wengine juu ya nini?" Nilitengeneza ile DVD na machozi. Chapitre moja niliiandika "Bibi ya marehemu", pale yaya anasimama mbele ya sanduku, anaaga bwana yake.

Patron yangu alinifundishaka juu ya ba point, zile alama zenye zinachagua fasi chapitre inaanza na picha yenye itaonekana: "Ba point unatia mbele ya encodage, mama. Ukitia nyuma, haziikale fasi umeweka. Zinarudia nyuma kutafuta picha nzima ya karibu, juu zingine zinabakia vipande tu." Nilijua! Lakini ile siku courant ya umeme ilikuwa inaenda inarudia, encodage, ni kusema ordinateur kugeuza video iingie ku disque, ilishaisha, na njo nikaona nimesahau point moja. Ile ya yaya. Nikasema, kuanza tena yote juu ya point moja? Nikaitia vile-vile, paka pale sura yake inaanza. Mu ordinateur nilimuona yaya. Sikujaribu disque ku télé.

Point ikarudia nyuma nusu ya seconde. Na mu ile nusu ya seconde, mbele ya yaya, kamera ilikuwa ku mama mumoja, ku kilio balisema alitoka Kipushi, amebeba mutoto, analia sana. Simujue. Ukiangalia video yote, anapita tu, hakuna mwenye anamuona.

Siku ya kumaliza kilio, mchana, famille yote iko mu salon ya yaya, baliweka disque. Zile sura zikatoka ku télé, zikasimama. Chini imeandikwa "Bibi ya marehemu". Juu, yule mama wa Kipushi na mutoto yake.

Bantu balisogea karibu na télé. Kisha shangazi akapiga makofi: "Aaa! Munaona? Miye nilisemaka nini? Hata mwenye kutengeneza video alijua bibi ya kweli!"

Baba mumoja akacheka: "Kumbe ndugu yetu alikuwa na deuxième bureau, bibi ya kando, kule Kipushi!"

Nikalia: "Hapana shangazi, ni point! Ilirudia nyuma!"

"Point gani, weye mutoto? Sisi tunaona muntu na macho, weye unatuambia point?"

Yaya hakulia. Alisimama, akafungua mutoto yangu ku mugongo yake, akaniwekea ye mu mikono. Akaniuliza pole-pole: "Mutoto yangu, ulijuaka?"

Toka ile siku hanisemeshe. Shangazi anatembea na ile disque mu sac yake kama papier ya serikali ya commune. Anasema yule mama na mutoto yake njo banapashwa kuingia mu ile nyumba, yaya arudie kwabo juu hana mutoto. Dimanche hii, siku ya Mungu, famille inakusanyika kukata maneno. Kama yule mama alikuwa kweli bibi ya marehemu, miye sijue. Lakini haiko miye nilisema. Ni kosa yangu ya kazi, na bataitumia kufukuza muntu mwenye alinifanya mama.

Nilishatengeneza disque ingine. Point nilitia mbele ya encodage, nilijaribu ku télé mara mingi. Sasa yaya njo anatokea juu ya jina yake, na kile kitambaa cheupe ku kichwa. Lakini bwana yangu anasema: "Ukileta hiyo, bataona umegeuza juu unamupenda yaya. Nyamaza, ni maneno ya bakubwa." Na iko na haki kidogo. Ya kwanza ilikuwa na bongo, ni kusema uwongo, ya pili njo iko na kweli, nani ataamini?

Nawaza kulomba patron ordinateur, nibeonyeshe bote vile point inateleza. Lakini shangazi hata atakubali kuangalia?

Leo asubui mutoto yangu alitembea mupaka ku mulango ya yaya, kiwanja chetu ni kimoja, miye nyuma yake, akapiga na mukono, akaita "Yaya!" Nilisikia miguu inakuya mupaka karibu. Hakufungua. Lakini hakuondoka pale nyuma ya mulango, bandugu, nilikuwa nasikia anapumua.

Munishauri, nawalomba. Dimanche niongee, ao ninyamaze? Na ule mulango, niupige mimi mwenyewe leo? Nifanye nini?