Muhogo Ulioota Wenyewe

Ninakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vita, mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye njaa. Tulikuwa tumekimbia nyumba yetu ya Nyalukemba, tukapata hifadhi kijijini Mudaka, kwenye shamba la marehemu babu. Askari walikuwa wamebeba maharagwe yote, hata ya mbegu. Ulibaki muhogo, nao ulikuwa mgonjwa: majani yamejikunja, yana madoa ya manjano, na mizizi ni myembamba kama vidole vya mtoto.

Unajua muhogo tunaupanda kwa kukata shina lake. Kijiti hicho huzaa mti ulio sawa kabisa na ule uliokatwa. Hauna baba, wala hauongezi kitu kipya. Ndiyo maana ugonjwa ulioupata mmoja uliipata yote.

Lakini pembeni mwa shamba nilikuta mti mmoja wenye shina jekundu na majani mapana, mazima. Niliushika niung'oe, tuchemshe mizizi, majani tuyatwange tupike mboga ya sombe.

"Acha ile!" mama akapaza sauti. "Hatukuipanda. Ilitoka ku mbegu."

"Maman, haifanane hata na moja ya zetu."

"Na wewe unafanana na mimi? Ile pua yote uliitoa wapi, kama si kwa papa yako?"

Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama akanionyesha maua ya muhogo. Nyuki huchukua vumbi la ua la mti mmoja na kulipeleka kwenye ua la mwingine, na mbegu inayozaliwa humo huweza kuwa na nguvu ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo peke yake.

Jioni ile tulikunywa uji mwepesi, na mdogo wangu akalala akilia. Mama hakuugusa ule mti. Msimu uliofuata aliukata vijiti, akavipanda, vikaota vizima vyote, sawasawa na mama yao. Tukala tukashiba. Majirani walipokuja kuomba vijiti, aliwagawia bure.

"Mungu hakuniuzishia," alisema, "na mimi niuzishe?"

Mwanangu, nimesali miaka mingi na bado ninastaajabu. Muumba aliweka katika mmea mmoja njia mbili za kuzaa: moja ya kuhifadhi kilicho chema kama kilivyo, nyingine ya kuleta ambacho hakijawahi kuwapo. Usidharau hata moja. Yashike uliyopokea kwa wazee wako. Lakini akitokea nyumbani mwako asiyefanana na wengine, mpe nafasi ya kukua kabla hujamkataa, hata siku zikiwa ngumu.

Bwana ayanyeshee mashamba yako, akupe watoto wanaofanana nawe na wasiofanana nawe, na moyo wa kuwapokea wote kwa shukrani.