Kiapo cha Shangazi Paskazia

Wengine wataniambia nilichanganyikiwa. Sawa. Lakini wakili aliyetuandikia kile kiapo yupo hai hapa Bukoba, na tangu siku ile akiniona njiani huvuka upande wa pili. Avuke kwa nini, kama hakuna alichokiona?

Mwanangu Editha alikuwa amenilipia safari ya meli ya watalii, twende naye hadi Shelisheli. Picha nimepiga, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ninayo. Pasipoti ndiyo ilikwama, maana sina cheti cha kuzaliwa. Sisi tulizaliwa nyumbani, kibanjani, kwenye shamba la migomba, huko Muleba. Nikaambiwa nilete mzee anayejua kuzaliwa kwangu, aape mbele ya wakili. Baba na mama walishafariki. Alibaki dada wa baba, shangazi Paskazia, kule Rubya. Nikampigia simu, akakubali kuja Jumanne.

Jumanne saa nne asubuhi nikatoka nyumbani Kashai kwa bodaboda, nikamkuta amesimama mlangoni kwa wakili. Nilifurahi. Halafu nikaona miguu yake. Pekupeku, imelowa umande hadi magotini, imegandwa na vipande vya majani ya migomba. Jua lote lile, umande wa wapi? Nikamsalimu, akageuka kuelekea ndani.

Tukaingia. Akashika Biblia, akaapa. Akataja kijiji, akasema nilizaliwa majira ya senene.

"Na mama yake mzazi?" wakili akauliza.

"Ni mimi."

Waitu, jamani, nilicheka! Nikadhani ni uzee. "Shangazi, mtaje mama Adela."

"Adela alikulea. Nilikuzaa mimi kabla sijaolewa, kaka akakuchukua ili nipate mume."

"Shangazi, unasema nini?"

"Nimeshika Biblia, mwanangu. Saa hizi siwezi tena kudanganya."

Wakili akaandika. Alipomshika mkono ampake wino kwenye dole gumba, aliuachia ghafla, akajifuta kiganja kwenye suruali. Shangazi akajipaka mwenyewe, akabonyeza karatasi, akatoka. Nilitaka kumfuata, nimuulize baba yangu basi ni nani.  

Ndipo simu ikalia. Ni mtoto wa kiume wa shangazi.

"Dada, mama ametutoka. Alfajiri alikwenda kukata ndizi apate cha kukuletea, tukamkuta ameanguka kibanjani."

Wakili aliyasikia, sauti ya simu ilikuwa juu. Akaisukuma ile karatasi upande wangu kwa ncha ya kalamu. "Mama, chukua. Mimi siwezi kupiga muhuri."

Mazishini niliketishwa pamoja na wapwa wa marehemu. Watoto wake walitangulia kutupa udongo, mimi nikangoja zamu yangu nyuma yao. Ningemwambia nani? Ningethibitisha na nini?

Meli iliondoka. Editha alikwenda peke yake, anajua tu kwamba makaratasi yalichelewa. Fomu nyingine nimeichukua, ipo mezani. Nikifika kwenye nafasi ya jina la mama, mkono unasimama. Nikiandika Adela naogopa. Nikiandika Paskazia, nani ataniapia?

Wewe unayenisikiliza, kama yupo mzee aliyekuwepo siku uliyozaliwa, usimwite mjini kwa ajili ya pasipoti. Nenda kwake wewe, kaa naye, umuulize angali anaweza kujibu na swali la pili, lile ambalo mimi sikuwahi kuliuliza.