Ukurasa wa Kumi na Nne

Glavu alikuwa mwoga, na hakuwahi kuficha jambo hilo. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa hata wa kwenye picha, na simu ya mkuu wa kitengo ikilia aliiacha ilie mara tatu kwanza apate kumeza mate. Jina alibandikwa na wenzake kwa sababu ya glavu zake nyeupe za pamba, ambazo alikuwa radhi kunywa chai akiwa amezivaa kuliko kuzivua. Lakini mpe jalada kuukuu lililotafunwa na wadudu, umwone! Kwa miaka kumi na saba, katika chumba cha nyuma cha maktaba, aliskani karatasi za marehemu na kuzipandisha kwenye maktaba ya mtandaoni, ili yeyote mwenye simu azisome kwake amejilaza. Kazi hiyo haikumtisha hata siku moja, mpaka yalipoletwa majalada ya idara ya usalama ya zamani.

Kati ya majalada hayo lilikuwamo la mwalimu, mume wa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alikuwa jirani tu, lakini mama yake Glavu alipofariki ndiye aliyemwogesha binti huyo, akamsuka, akamfukuza kitandani kila asubuhi aende shule. Mumewe alikamatwa akiwa njiani kwenda kufundisha, na hakurudi tena. Tangu hapo, miaka arobaini sasa, mama huyo alitaka kujua jambo moja: nani alimchongea. Glavu akaomba jalada lile apewe yeye. Alidhani anamwandalia zawadi.

Jumanne asubuhi alifunua ukurasa wa kumi na nne, akafa ganzi. Mbele yake palikuwa na barua ya kurasa mbili isiyo na sahihi. Sahihi ya nini? Herufi zilizolalia kushoto, mstari chini ya tarehe: mwandiko uleule uliomfundisha kuandika mezani kwao. Ulikuwa wa marehemu baba yake. “Mwalimu hukusanya watu nyumbani kwake kila Alhamisi,” barua ilisema. “Mimi mwenyewe hukaribishwa.”

Mama Mkubwa akilijua hili, je, atamtazama tena? Atamwita tena mwanangu? Glavu hakuwa na mtu mwingine duniani, na aliogopa kumpoteza kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Sasa, wapiga skana wana kosa lao wanaloliita ndoa. Karatasi mbili zikishikana, ukazifunua kwa pamoja, wao husema zimeoana, na kurasa mbili za katikati hazionekani. Ni kosa la kila wiki. Watu hulicheka na kurudia kazi. Glavu, ambaye hakuwahi kuozesha karatasi hata moja, aliupiga picha ukurasa wa kumi na tatu, akabana karatasi mbili, akazigeuza, akaupiga picha wa kumi na sita. Jioni jalada lilikuwa hewani. Usiku hakupata hata lepe la usingizi.

Ijumaa Mama Mkubwa alifika maktaba, kavaa kiatu kizuri. Macho yake yalikuwa yameishiwa nuru, hivyo akaketi mbele ya kompyuta kwa heshima tu.

“Nisomee, mwanangu. Na namba za kurasa unitajie, nisipotee.”

Glavu alisoma. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

“Ukurasa wa kumi na sita,” akasema, haraka haraka.

“Ngoja kwanza.” Mama Mkubwa aliinua kidole. “Mimi nimeishi na mwalimu wa hesabu. Kumi na nne iko wapi?”

“Labda... karatasi zilishikana, Mama.”

“Basi kazibandue. Si ziko hapo nyuma?”

Zilikuwako. Angeweza kusema zimeliwa na wadudu, na uongo huo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini mama yule alikuwa ametulia tuli, mikono mapajani, akimwamini kama mtoto, na hilo lilimtisha Glavu kuliko ukali wowote. Alikwenda akalileta jalada.

Akasoma yote, Alhamisi, majina, chai waliyonyweshwa wageni. Alipofika mwisho sauti ilikuwa imebaki mnong'ono.

“Kaandika nani?”

“Haina sahihi.”

“Sikukuuliza sahihi.”

Glavu alivua glavu zake, akaziweka juu ya meza, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono.

“Ni mwandiko wa baba,” akasema. “Niliuficha, Mama. Niliogopa utanifukuza.”

Glavu alimsubiri aondoke. Mama Mkubwa akavuta kiti chake mbele, mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, lakini hakumgusa.

“Leo hii uiweke barua hiyo huko mtandaoni na wengine waisome,” akasema. “Lakini kwanza nisomee tena. Tangu mwanzo, polepole. Na usilie, nataka kumsikia baba yako vizuri.”

Glavu akafuta uso kwa kiganja, akaanza kwenye tarehe.