Moshi wa Gorfa na Safari ya Salma

Moshi ukishaingia mahali hauna haraka ya kuhama. Jumamosi iliyopita nilifungua kifuniko cha gorfa, kile chombo cha maziwa ambacho wanawake wetu wa Kiborana husuka kwa nyuzi za mizizi mpaka kisivuje hata tone, na harufu ya mzeituni wa porini uliochomwa ikanipanda puani. Shangazi yangu Talaso alinitumia gorfa hiyo kutoka Kinna, alikohamia uzeeni, kwa gari la mboga. Naikumbuka vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikining'inia juu ya kitanda chake miaka yote, na ingawa aliifukiza pamoja na zile nyingine, sikuwahi kuiona ikitiwa maziwa. Nilikaa sakafuni jikoni kwangu hapa Isiolo, nikafumba macho, nikawa tena na miaka kumi na mitatu.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa shangazi hapahapa Isiolo, karibu na soko la maziwa, ili nisome, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa Kinna na mifugo. Nilikuwa darasa la saba, mrefu kuliko wote, na kusoma kulikuwa kumenishinda. Herufi nilizijua. Nilizijua mojamoja, kama unavyowajua majirani ambao hamsalimiani. Lakini mwalimu akinisimamisha nisome kwa sauti, maneno yalinikwama kooni, darasa likaangua kicheko, nami nikaketi huku sare imenigandia mgongoni kwa jasho. Ukiwa mdogo, kuchekwa ni mchezo. Ukishavunja ungo, unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Basi muhula wa pili ulipoanza nilikata shauri. Nikamwambia shangazi kwamba shule zikifungwa narudi Kinna kuchunga mbuzi, na sitarudi tena.

Shangazi hakubisha. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na maneno machache, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Aliingia ndani akafungua sanduku, akatoka na kitabu kilichong'oka jalada, kilichoachwa na mpangaji aliyehama.

"Sawa, utaenda," akaniambia. "Lakini kwanza unisomee hii. Ikiisha, mimi mwenyewe nitakupandisha gari ya Kinna."

Nikaona nimepata biashara nzuri. Kitabu hakikuwa kinene.

Tulikuwa tukisoma alasiri, saa ya kufukiza. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka kwenda Nairobi, jua limelegea, na ua wote umejaa ule usingizi wa mji wa joto ambapo hata punda husahau alikokuwa akienda. Shangazi aliosha gorfa, akatia ndani makaa ya mzeituni, akafunika, akatikisa, kisha akangoja moshi ufanye kazi yake. Kufukiza hakutaki papara. Ukimwaga makaa mapema maziwa yatachacha, na ukiyaacha yakapitiliza yataonja majivu. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi tele, na mimi na ulimi wangu mzito tulihitaji nafasi tele.

Hadithi yenyewe ilihusu msichana aitwaye Salma, ambaye dadake, Nuru, alipotea mnadani siku ya kuuza ng'ombe. Kilichopatikana ni kiatu chake kimoja tu. Salma akakichukua kile kiatu, akaanza kutembea mji kwa mji akiuliza.

Siku za kwanza nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe yaliyoachana mbali. Neno, kimya, neno. Nilisubiri shangazi acheke au anirekebishe, lakini angenirekebisha kwa lipi? Nilipokwama, alitikisa gorfa yake, akangoja. Nilipomaliza sentensi, aliuliza neno moja tu.

"Halafu?"

Na kama Salma alikuwa amefanya ujinga, alimkasirikia Salma, si mimi. Sijui kama mnaelewa faraja iliyokuwa pale. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefungua kinywa juu ya kitabu, na aliyekuwa na makosa ni mtu mwingine.

Haikupita muda akaja Mama Ekiru, jirani yetu Mturkana aliyetuuzia kuni. Alikuja kuleta mzigo, akasikia kidogo, akaketi juu ya mzigo wake. Kesho yake akarudi bila kuni.

"Hiyo Nuru haikupotea," akatangaza siku moja. "Ilitoroka. Mtu anapoteaje na kiatu moja?"

"Aliibiwa," shangazi akasema.

"Ilitoroka, Talaso. Mimi najua wasichana."

Wakanigeukia wote wawili, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha Nuru. Bishano lao likahamia sokoni. Nikipita asubuhi na daftari langu, wanawake wa maziwa walioketi nyuma ya madumu yao waliniita, wengine kwa salaam aleikum, wengine kwa habari ya shule, na baada ya salamu swali lilikuwa moja: Salma amefika wapi? Mimi, ambaye darasani sikuulizwa kitu isipokuwa ili nichekwe, nilisimama pale nikawaeleza watu wazima mambo ambayo wao hawakuyajua. Nilitembea nikijisikia mrefu, na safari hii urefu haukuniaibisha.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Nikaanza kukitoa kitabu kwenye kitambaa alichokifungia shangazi kabla ya saa yake, nikisoma mbele kidogo peke yangu, nyuma ya choo, midomo ikicheza. Nilitaka nikifika kwenye mkutano wetu maneno yatoke yakiwa yamelainika. Nadhani shangazi aliniona. Nadhani pia aliona kwamba kurasa zilikuwa zimebaki chache.

Kisha siku moja Salma akafika kwenye nyumba fulani yenye mlango wa bluu, akabisha, akasikia nyayo zikija. Nikafunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Kulikuwa na uzi uliolegea tu, na makaratasi mengine yote hayapo.

Nililia. Nasema wazi, msichana mkubwa wa darasa la saba alilia kwa sababu ya mlango wa kwenye karatasi. Mama Ekiru alimlaani mpangaji na ukoo wake. Shangazi alikuwa akimwaga makaa. Hakuinua kichwa.

"Basi haijaisha," akasema. "Mapatano yetu ilikuwa iishe. Itafute."

Nikaitafuta. Nilimuuliza mwalimu yuleyule niliyekuwa nikimkwepa. Nilipekua kabati la vitabu la shule, na nilipolimaliza nikaenda maktaba ya mjini, ambako nilifungua kila kitabu cha hadithi nikimtafuta Salma, na kwa kuwa kurasa za kwanza hazikutosha kunihakikishia kwamba hayumo, nikavisoma. Shule zilipofungwa nilipanda gari la Kinna kama nilivyoapa. Zilipofunguliwa, nilikuwa wa kwanza stendi kurudi. Nilimwambia baba kuna kitu sijamaliza. Miaka ikapita hivyo, darasa baada ya darasa, na mahali fulani katikati ya kutafuta nikasahau kwamba niliwahi kuwa mtu asiyesoma.

Sasa turudi jikoni. Nilipofumbua macho niliingiza mkono ndani ya gorfa, nikagusa kitu kikavu kilichoviringishwa. Zilikuwa kurasa, zimegeuka rangi ya chai, hakuna mdudu aliyezigusa. Kumbe kila alipomaliza kufukiza na kumwaga makaa alizirudisha ndani, na moshi ukazihifadhi. Mstari wa kwanza ulisema: *Mlango wa bluu ukafunguka.*

Nilimpigia shangazi simu.

"Shangazi, nimeona karatasi."

"Umesoma?"

"Bado. Kwa nini ulizitoa?"

Nyuma yake nilisikia mbuzi.

"Ngamia iko na chuchu ngapi?"

"Nne."

"Tunakamua ngapi?"

"Mbili. Mbili ni za ndama."

"Ukikamua zote, ndama inakufa, na kesho huna maziwa. Sasa unauliza nini?"

Nilicheka, nikafuta macho. Kisha likanijia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza, na likanikata maini. Yeye aliyeuliza halafu kila alasiri, aliyebishana na Mama Ekiru mpaka sauti ikakauka, alikuwa amelala miaka yote hiyo chini ya jibu lililoning'inia ukutani.

"Kwa hivyo hata wewe hukujua mwisho?"

"Ningejulia wapi? Mwenye alikuwa ananisomea ni wewe, na wewe ndio nilikuwa nakuficha."

Nilikuwa nimedhani utotoni kwamba mimi ndiye niliyenyimwa. Nilinyimwa mwisho mmoja nikapewa maktaba nzima. Shangazi alikuwa na kitabu kimoja tu maishani mwake, na ndicho alichokikata.

"Sasa wewe ni mtu mzima, hutaenda mahali," akasema. "Nisomee. Pole pole, vile ulikuwa unasoma. Na kama Nuru alitoroka, usiambie Mama Ekiru."

Nikasoma mstari wa kwanza. Neno, kimya, neno, vile alivyotaka. Kule Kinna mbuzi walilia kidogo wakanyamaza, kisha nikamsikia.

"Halafu?"